Kalamu ya Risasi na Kuta za Nyumba ya Vitabu

Mtu aonapo picha kubwa ukutani hustaajabia rangi zake, wala hakumbuki ya kuwa picha ile haikuanza kwa rangi. Ilianza kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha karatasi, mkononi mwa mtu aliyeketi akitazama, akachora, akafuta, akachora tena. Michoro hiyo ya kwanza kwa kawaida watu hawaioni. Hutiwa mkobani, au hutupwa, au huachwa pembeni hata ikaliwa na mchwa. Walakini mara nyingine ndiyo yenye habari yenyewe, na ukuta umekuja nyuma yake kuitangaza tu.

Nataka kusimulia habari za kuta za namna hiyo, nazo ni kuta za nyumba ya vitabu ya Chuo cha Talladega, katika jimbo la Alabama, nchi ya Marekani. Zilipambwa mwaka 1939 kwa ukumbusho wa miaka 100, maana yake zilikuwa kazi ya jubilei, na kwa hiyo nimeona habari yake inastahili nafasi katika kitabu hiki cha jubilei yetu. Mchoraji alikuwa Bwana Hale Woodruff, mtu mweusi wa Marekani. Lakini mimi nasema ya kuwa kazi ile ilianza miaka 100 kabla yake, ndani ya gereza, kwa mkono wa kijana ambaye hakujua hata kidogo kwamba anamtayarishia mtu mwingine ukuta.

Mwanzo wa mambo ni Afrika ya Magharibi, katika nchi ya Wamende, ambayo leo ni sehemu ya Sierra Leone. Mwanzoni mwa mwaka 1839 watu wengi wa nchi hiyo walipelekwa pwani, mahali paitwapo Lomboko, penye mlango wa mto Gallinas, wakauzwa kwa wafanya biashara wa Kihispania. Tusijifiche katika jambo hili: walioanza kuwauza walikuwa Waafrika wenzao. Sengbe Pieh, mkulima wa mpunga, mwenye mke na watoto watatu, alikamatwa njiani na watu wanne, wakamfunga mkono wake wa kuume shingoni. Grabo alikuwa na mjomba aliyelipa deni kwa kutoa watumwa wawili; mmoja akatoroka, na Grabo akachukuliwa mahali pake. Fuli alitekwa siku askari walipouzunguka mji wao. Mtoto wa kiume aitwaye Kale aliibwa njiani. Na kulikuwa na msichana mdogo, Margru, ambaye baba yake mwenyewe alimweka rehani kwa ajili ya deni, na deni lisipolipwa, mtoto akauzwa.

Wakavushwa bahari katika merikebu ya watumwa mpaka Havana, kisiwani Cuba. Huko watu wawili wa Kihispania wakawanunua: José Ruiz akanunua watu wazima 49, na Pedro Montes akanunua watoto 4, wasichana 3 na mvulana 1. Jumla 53. Sasa, msomaji, angalia hila iliyofanyika hapo, kwani habari yetu yote yasimama juu yake. Sheria ya Hispania yenyewe ilikuwa imekwisha kukataza kuleta watumwa wapya kutoka Afrika tangu mwaka 1820. Mtu aliyeletwa zamani, au aliyezaliwa Cuba, aliweza kuuzwa. Mtu aliyeletwa jana hakuweza. Basi, ili watu hawa wafanane na wenyeji wa Cuba, zikaandikwa hati za safari zenye majina ya Kihispania. Sengbe akawa José. Kila mtu akapewa jina ambalo hakulijua, ambalo asingeliitika kama angeitwa, na kwa jina hilo akawa mali ya mtu. Karatasi na wino vilitosha.

Tarehe 28 Juni 1839 wakatiwa katika merikebu ndogo ya milingoti miwili, jina lake Amistad, maana yake kwa Kihispania ni Urafiki. Walikuwa wakipelekwa sehemu nyingine ya kisiwa kile kile. Mpishi wa merikebu akawafanyia mzaha kwa ishara, kwamba wakifika watachinjwa na kuliwa. Mzaha huo ulimponza. Sengbe alikuwa amepata msumari, na kwa msumari huo akafungua minyororo, kwanza yake, kisha ya wenziwe. Usiku wakashika mapanga ya kukatia miwa waliyoyakuta katika shehena, wakapanda juu, wakamwua mpishi na nahodha, wakawaacha hai Ruiz na Montes ili waendeshe chombo. Wakawaamuru waelekee maawio ya jua, kwa maana walipoletwa jua lilikuwa likichwa mbele yao. Mchana Montes alitii. Usiku, nyota zisizojulikana na Wamende zilipokuwa juu, aligeuza omo kuelekea kaskazini. Hivyo wakatangatanga karibu miezi miwili kwa kiu na njaa, watu wakifa, hata tarehe 26 Agosti merikebu ya serikali ya Marekani ikawakamata karibu na kisiwa cha Long Island. Wakapelekwa katika jimbo la Connecticut, wakafungwa katika gereza la mji wa New Haven, wakishitakiwa uuaji.

Habari ikaenea, na watu wakamiminika kuwatazama. Walikuja kwa maelfu, na mlinzi wa gereza akawatoza kila mmoja senti 12 na nusu kwa kuingia. Wengine walikuja kwa huruma, wengi kwa udadisi tu, kama watu wanaokwenda kutazama wanyama wa ajabu. Magazeti yakaandika mengi. Wachongaji wakatengeneza sanamu za nta, nazo zikatembezwa mjini kwa mji kuonyeshwa kwa fedha. Hakuna aliyeweza kusema nao neno moja, kwa kuwa hakuna aliyejua lugha yao.

Katika mji huo alikuwako kijana, William Townsend, mwenye umri wa kama miaka 18. Hakuwa mchoraji mwenye sifa, wala hakupata kuwa na sifa baadaye, kwani alikufa mwaka 1851 akiwa bado kijana. Huyu aliwachora wafungwa wale kwa kalamu ya risasi, mmoja mmoja. Michoro 22 imehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven. Ni karatasi ndogo, hazizidi urefu wa kiganja na vidole vyake. Nyingi ni kichwa na mabega tu. Nguo zimepitiwa upesi kwa mistari michache. Usoni ndipo mkono wake ulipokaa, ukatia kivuli polepole chini ya shavu na pembeni mwa jicho. Hawa si watu wa ajabu. Ni mtu huyu, na mtu huyu, na mtu huyu: mmoja amechoka, mwingine kana kwamba yu karibu kusema, mwingine anatazama mbali na wewe, kwa sababu hataki kutazamwa.

Tena chini ya sura aliandika jina. Fuli. Kimbo. Grabo. Pona. Suma. Kale mdogo. Aliyaandika kama alivyoyasikia, na masikio yake hayakuwa mazuri sana, kwa maana jina la mtu mmoja huandikwa namna nyingi katika habari za siku zile. Lakini si José, wala jina lolote la hati za Havana. Mwalimu aliyepata kuandika daftari la majina ya watoto wageni ajua kazi hiyo ilivyo: mtoto ataja jina, wewe waandika, yeye atikisa kichwa, wewe wafuta. Naamini Townsend alifuta mara nyingi.

Jina peke yake lisingaliwaokoa. Ilihitajika lugha. Profesa Josiah Gibbs wa Chuo cha Yale, mtu wa elimu ya lugha, aliingia gerezani akainua kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, mpaka wakamfundisha kuhesabu. Moja kwao ni eta, mbili ni fili, nne ni naeni, tano ni loelu. (Msomaji wa Kiswahili ataisikia nne ndani ya naeni, lakini asifanye haraka kudai undugu, mimi nami nilifanya haraka hiyo.) Profesa akaenda mpaka bandari ya New York, akapita gatini kati ya mabaharia weusi akihesabu kwa sauti, moja hata kumi, mara kwa mara, watu wakimwona kama mwenye wazimu. Mwisho baharia kijana akageuka, kwa maana amesikia lugha ya mama yake. Jina lake James Covey. Yeye naye aliuzwa utotoni, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akasomeshwa na wamisionari wa CMS huko Sierra Leone. Shirika hilo hilo ndilo lililofanya mji wa Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na wengi wa pwani yetu wamezaliwa na watu wa namna ya Covey. Alipoingia gerezani New Haven na kusema Kimende, wafungwa walipiga kelele za furaha. Tangu siku hiyo waliweza kueleza wenyewe walikotoka.

Mambo ya mahakama nitayapita upesi. Januari 1840 hakimu wa Connecticut alihukumu ya kuwa si watumwa, na kwamba warudishwe Afrika. Rais wa Marekani wa wakati ule alikuwa ameweka merikebu tayari bandarini ili kuwapeleka Cuba mara moja kama hukumu ingekuwa kinyume, na aliposhindwa, serikali yake ikakata rufani. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Huko akasimama kuwatetea John Quincy Adams, aliyekuwa Rais zamani, mzee wa miaka 73. Kabla hajasema mbele ya mahakama alipokea barua ya Januari 1841 iliyoandikwa na Kale, yule mvulana mdogo, ambaye alikuwa amejifunza Kiingereza gerezani kwa muda wa mwaka mmoja na kitu. Katika barua hiyo mtoto aliuliza jambo moja ambalo kila mwalimu angelikumbuka: watu wasema Wamende ni wajinga kwa sababu hawajui Kiingereza; je, Wamarekani nao, kwa kuwa hawajui Kimende, ni wajinga?

Tarehe 9 Machi 1841 mahakama ikatoa hukumu: watu hawa hawakuwa watumwa halali kamwe, na zile hati za Havana ni za uongo. Ni hukumu njema, lakini tusiizidishe. Haikusema kwamba utumwa ni dhambi. Ilisema tu kwamba watu hawa walifungwa kinyume cha sheria ya Hispania. Siku hiyo hiyo watu zaidi ya milioni 2 walikuwa watumwa Marekani, nao wakabaki hivyo miaka mingine zaidi ya 20. Na mtumishi wa nahodha, kijana Antonio, aliyekuwa mtumwa wa halali kwa sheria hiyo, mahakama iliamuru arudishwe Cuba. Marafiki wakamtorosha mpaka Canada. Sura yake haimo ukutani mahali pa heshima, nami nimetaka kumtaja hapa.

Wale waliobaki hai, watu 35, wakapanda merikebu mwishoni mwa mwaka 1841, wakafika Freetown Januari 1842 pamoja na wamisionari. Kutoka katika kamati ya watu waliowasaidia kukazaliwa mwaka 1846 chama kilichoitwa American Missionary Association, ambacho baada ya vita vya kuwaachilia watumwa kilisaidia shule nyingi za watu weusi. Moja ya hizo ni Talladega.

Habari za mwanzo wa Talladega ni fupi na nzuri. Mwaka 1865 watu wawili waliotoka utumwani, William Savery na Thomas Tarrant, walishikamana kuanzisha shule kwa ajili ya watoto wao. Mwaka 1867 ikanunuliwa nyumba kubwa ya matofali, iliyojengwa kabla ya vita kwa kazi ya watumwa ili wavulana wa Kizungu wasome ndani yake. Yasimuliwa ya kuwa Savery mwenyewe alikuwa mmoja wa maseremala walioijenga. Kwa hiyo alipoingia tena, aliingia katika kazi ya mikono yake mwenyewe, na safari hii watoto wake waliruhusiwa kuingia. Chuo kilipojenga nyumba mpya ya vitabu, iliyokamilika mwaka 1939, kiliiita kwa jina la Savery.

Mkuu wa chuo wakati ule, Bwana Buell Gallagher, aliona ya kuwa mwaka 1939 watimiza miaka 100 tangu mambo ya Amistad, akamwomba Woodruff apambe kuta. Hale Woodruff alizaliwa mwaka 1900 huko Cairo katika jimbo la Illinois, akalelewa Nashville, akasoma uchoraji kwao na kisha Paris, na tangu 1931 alikuwa mwalimu Atlanta. Mwaka 1936 alikwenda Mexico kufanya kazi na Diego Rivera, fundi mkubwa wa picha za ukutani, ambaye alipaka rangi juu ya chokaa mbichi. Huko Woodruff alijifunza jinsi ya kuujaza ukuta watu wengi bila mmoja kupotea. Jambo hili si jepesi. Picha nyingi za makutano tuzionazo makanisani na vitabuni zina uso mmoja au miwili iliyofanywa vizuri, na nyuma yake vichwa vingi vinavyofanana kama mayai.

Mchoraji mwingine angekaa Atlanta akawabuni Waafrika kwa kichwa chake. Picha ya merikebu, minyororo, mapanga, nani angeuliza? Woodruff akaenda New Haven. Huko akakuta kumbukumbu za kesi na sura za watu wenyewe zilizohifadhiwa. Picha kubwa ya Sengbe iliyopakwa rangi na Nathaniel Jocelyn ilikuwako katika mji huo, nayo ni picha ya mtu mwenye adhama, amevaa nguo nyeupe begani, ameshika fimbo. Kiko na kitabu cha John Barber cha mwaka 1840, chenye sura za wafungwa zilizochorwa kwa upande, na chini ya kila moja urefu wa mtu huyo na maneno machache ya maisha yake. Mengi niliyoyasimulia ya Grabo na Fuli yatoka humo. Na katika mji huo huo zimo karatasi ndogo za Townsend.

Sasa kazi ya kutayarisha yenyewe. Wasomaji wengi hawajapata kuiona, nami nitaieleza kwa maneno mepesi, kama inavyofanywa na wachoraji wa kuta. Kwanza mchoraji achora kwa kalamu ya risasi michoro midogo midogo, mkono huu, kichwa hiki, mgongo wa mtu aliyeinama. Akiisha kukusanya vya kutosha, atunga mchoro wa picha nzima katika karatasi moja, ajue nani asimame wapi. Hapo ndipo hukumu zote hufanywa. Akitaka kumwondoa mtu, amfuta kwa kipande cha mpira. Akingoja mpaka rangi, itamgharimu juma zima. Kisha aigawanya karatasi kwa mistari kuwa miraba sawasawa, augawanya na uwanja mkubwa kwa miraba ya hesabu ile ile, na ahamisha mraba kwa mraba. Mwisho ndipo rangi. Woodruff hakutumia chokaa mbichi kama Rivera. Alipaka rangi za mafuta juu ya turubai, nazo turubai zikabandikwa ukutani zilipokwisha.

Zilizowekwa mwaka 1939 ni picha tatu. Ya kwanza ni mapigano usiku ule melini, miili imepindana, mapanga yameinuliwa, na macho hayapati pa kupumzika. Ya pili, iliyo ndefu kuliko zote, ni mahakama. Ya tatu ni kurudi kwao Afrika, wamesimama ufuoni.

Mimi naipenda ya pili kuliko zile nyingine, ijapokuwa watoto bila shaka wangetaka ya kwanza. Hakuna tendo ndani yake. Watu wanakaa na kusikiliza. Walakini tazama nyuso. Waafrika hawakuwekwa pale kama kundi. Kila mmoja ana kichwa chake, rangi yake ya ngozi, namna yake ya kuogopa au kutoogopa, na washitaki wao pia wana nyuso za watu, si za mashetani. Hapo ndipo unapoona ya kuwa mchoraji alipitia gerezani kwanza. Tena kati ya Waafrika wale Woodruff alitia uso wake mwenyewe. Wachoraji wa zamani wa Ulaya walifanya hivyo katika picha za Biblia, wakijiweka pembeni mwa umati. Lakini wao kwa kawaida walijiweka kuwa watazamaji. Huyu alijiweka kizimbani.

Mwaka 1942 zikaongezwa picha tatu nyingine. Moja yaonyesha watumwa wakitoroka kwenda kaskazini kwa msaada wa marafiki waliowaficha nyumba hata nyumba. Nyingine ni siku ya kuandikisha wanafunzi wa kwanza Talladega, na humo wazazi wameleta mazao ya shamba na mifugo iwe karo, kwa kuwa hawana fedha. Picha hiyo haina haja ya kufafanuliwa kwa mwalimu ye yote wa nchi zetu. Ya tatu ni kujengwa kwa nyumba ya vitabu yenyewe, mafundi weusi na weupe pamoja, jambo ambalo huko Alabama siku zile lilihitaji ujasiri hata kulichora. Na katika sakafu ya nyumba hiyo imetiwa sura ya merikebu Amistad, na ni desturi ya chuo kwamba mtu asiikanyage, wanafunzi huizunguka.

Kwa kuwa zilikuwa turubai, na si chokaa, picha hizo ziliweza kubanduliwa. Baada ya miaka 70 zikaondolewa, zikasafishwa, na kazi hiyo ya uangalifu ikaonekana Atlanta, katika mwaka 2012, ndipo zikazungushwa miji mingi ya Marekani. Watu waliosimama mbele yake walisifu rangi, bluu na nyekundu na manjano, ambazo kwa kweli ni za kusifiwa. Michoro ya Townsend haizungushwi namna hiyo. Risasi juu ya karatasi yachukiwa na mwanga. Hukaa gizani katika makasha, hutolewa kwa ruhusa, hurudishwa.

Nina neno moja zaidi, juu ya Margru. Picha ya kurudi Afrika yaweza kumdanganya mtazamaji akidhani ya kuwa mambo yalikwisha vizuri ufuoni. Hayakuwa hivyo. Wengi wa waliorudi waliondoka kwa wamisionari upesi wakaenda kutafuta nyumba zao. Wamisionari walihuzunika, na katika barua zao wakalalamika. Mimi siwezi kuwalaumu wale watu: mtu aliyetekwa miaka mitatu, mwenye mke na watoto, akisikia harufu ya nchi yake, atakaa darasani? Sengbe alikwenda, na habari alizozikuta nyumbani zilikuwa za vita na ukiwa.

Margru alikaa. Alibatizwa Sarah, akarudishwa Marekani kusoma katika Chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, na mwaka 1849 akarudi tena Sierra Leone akiwa mwalimu wa wasichana katika misioni ya Wamende. Yule aliyewekwa rehani na baba yake kwa deni alivuka bahari mara nne, mara moja tu kwa minyororo. Katika vitabu vya chuo na vya misioni ameandikwa Sarah Kinson. Katika karatasi ya Townsend ni mtoto bado, ameketi kimya mbele ya kijana mgeni mwenye kalamu, na chini ya sura yake, kwa risasi ile ile, limeandikwa jina kama masikio ya New Haven yalivyolipokea: Marqu.